Wasia, wakfu au jina kwenye fomu: njia za kukiachia chuo chako sehemu ya mali

Mhitimu anayetaka sehemu ya mali yake ikifae chuo alichosomea baada ya yeye kuondoka duniani ana njia nne za kuchagua hapa Mombasa: anaweza kuandika wasia, anaweza kuweka wakfu, anaweza kukitaja chuo kwenye fomu ya mrithi katika chama chake cha akiba na mikopo au katika bima yake ya maisha, au anaweza kutoa akiwa bado hai na kuanzisha mfuko utakaoendelea bila yeye. Katika mikutano ya wahitimu njia hizi huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja, na kila mtu huahidi kwa moyo mkunjufu kwamba "atakikumbuka chuo". Kisheria na kivitendo zimetofautiana mno, na anayechagua isiyomfaa huenda nia yake njema ikaishia kabatini mwa wakili au, vibaya zaidi, kwenye ugomvi wa wanawe.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa kifupi MIOME, na fedha za kuijenga zilitolewa na Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, jamii ya Mabohora na serikali ya Uingereza. Kwa hiyo waliosoma pale, nami nikiwa mmojawao, tulikaa chini ya paa lililoezekwa kwa sadaka za watu tusiowajua. Mbali na hapa, masimulizi ya mji wa Fez nchini Moroko yanaeleza kwamba Fatima al-Fihri alitumia urithi aliouachiwa na baba yake kuujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mwaka 859, ambao ulikua ukawa chuo. Naye John Harvard, aliyefariki mwaka 1638 huko Massachusetts, alikiachia chuo kichanga nusu ya mali yake na vitabu vyake takriban 400, na chuo kikachukua jina lake. Harvard alitoa wasia wake kwa mdomo tu. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu mhitimu wa leo akimuiga katika hilo atakuwa amejiingiza katika hatari kubwa.

Nilianza kuyafuatilia mambo haya kwa ajili ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, Kuze, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Mwalimu. Alipofariki, mkewe alitoa bahasha ya kaki kutoka kwenye sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na karatasi mbili za daftari zilizoandikwa kwa wino wa buluu na, chini yake, stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka mingi zilizofungwa kwa uzi. Katikati ya ukurasa wa pili alikuwa ameandika: "Vyumba viwili vya Kisauni viwe vya watoto wa chuo." Hakusema ni chuo gani, ilhali alisomea kimoja na kufundisha katika kingine. Hakueleza kama watoto hao wavikalie vyumba au walipiwe karo kutokana na pango lake. Shahidi aliyetia sahihi alikuwa mmoja tu, rafiki yake wa barazani, ambaye naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

"Mkono wa baba yenu naujua," mama aliwaambia wanawe. "Maneno haya ni yake."

"Mama, hatukatai," alijibu mwanawe wa tatu. "Lakini chuo alichokusudia ni kipi?"

Wanne kati ya watoto sita waliyakubali maandishi yale na wawili wakayakataa. Sheikh aliyeitwa kuwasuluhisha aliwaeleza kwamba mrithi anayeukiri wasia anabanwa katika fungu lake mwenyewe, wala hawezi kulifunga fungu la nduguye. Kilichotoka kikapungua kuliko alichokusudia Mwalimu, na kikatoka kwa kuchelewa, huku ndugu wakisemezana kwa shida. Kila ninapolinganisha njia hizi nne najiuliza ni ipi ingelimfaa Mwalimu, na jibu langu si lile nililokuwa nalo siku ile.

Anza na mali, si na njia

Kabla ya kuchagua, mtu aikague mali yake kwa jicho la yule atakayekuja kuigawa. Hapa kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya kutoka kwingineko hailigusi kabisa, nalo ni nyumba bila ardhi. Katika mitaa kama Majengo, Kisauni na Likoni, watu wengi wanamiliki kuta na paa, lakini ardhi ni ya mtu mwingine wanayemlipa kodi. Nyumba ya namna hiyo inaweza kurithiwa na kuuzwa, na inaweza kuachiwa chuo, ila thamani yake inategemea uhusiano na mwenye ardhi, na chuo kinachoipokea kinapokea pia wajibu wa kodi hiyo. Mwenye nyumba kama hiyo afadhali aelekeze iuzwe na chuo kipewe fedha, kuliko kukipa chuo kuta.

Mwenye hatimiliki kamili anasimama mahali pazuri zaidi, lakini kama nyumba ni ya ndoa, au ilichumwa kwa jasho la wawili, mwenzake ana haki ndani yake, na hakuna mtu anayeweza kutoa kisichokuwa chake. Halafu kuna madeni. Iwe ni kwa sheria ya nchi au kwa sheria ya Kiislamu, gharama za mazishi na madeni hutangulia wasia. Mume ambaye hajamaliza kumlipa mkewe mahari anadaiwa, hata kama mkewe hajawahi kumkumbusha.

Wasia

Kwa asiye Mwislamu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inampa uhuru mpana wa kugawa mali yake kwa wasia. Wasia wa maandishi unahitaji sahihi au alama ya mwenyewe na mashahidi wasiopungua wawili. Wasia wa mdomo unakubalika ikiwa ulitamkwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi na mwenyewe akafariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Akiishi zaidi ya hapo, kwa kawaida maneno yake hayana nguvu tena. Ndiyo maana nikasema Harvard asiigwe. Anayenufaika na wasia asiwe shahidi wake, wala mume au mke wake asiwe shahidi, kwa sababu zawadi yake inaweza kubatilika wasiposhuhudia watu wengine wawili wasiohusika. Kuna kifungu kingine ambacho wahitimu vijana hawakijui: ndoa hufuta wasia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa uwe uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Aliyeandika akiwa na miaka 26 akaoa akiwa na 30, na asiandike upya, hana wasia.

Uhuru huo una mpaka wake. Wategemezi wanaoona kwamba hawakuachiwa cha kutosha wanaweza kuiomba mahakama iwatengee sehemu ya mali, na mahakama ina uwezo wa kupunguza kile kilichokusudiwa chuo ili mjane au mtoto apate riziki. Hilo naliona ni la haki kabisa. Chuo hakina sababu ya kujengwa juu ya njaa ya watoto wa mhitimu wake.

Mwislamu hatawaliwi na sheria hiyo katika urithi wake, bali na sheria ya Kiislamu, na iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali, shauri husikizwa na mahakama ya kadhi. Kwake yeye wasia hauvuki thuluthi moja ya kinachobaki baada ya madeni, na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, ila warithi wenyewe waridhie baada ya kifo. Chuo si mrithi, kwa hiyo thuluthi iko wazi kwake. Mtume alipoulizwa na Saad bin Abi Waqqas kuhusu kiasi cha kutoa, alimwambia thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Wengi wa wanavyuoni wakapendekeza mtu ashuke chini ya hapo, na mwenye watoto wadogo anaweza kuona kwamba sehemu moja ya kumi yatosha. Hayumkini kutoroka kipimo hiki kwa kugawa mali mtu akiwa katika maradhi ya mauti, kwa sababu zawadi ya wakati huo nayo huhesabiwa ndani ya thuluthi.

Ubora wa wasia ni kwamba mtu anaendelea kuishi katika nyumba yake, kula pango lake na kubadilisha mawazo wakati wowote. Udhaifu wake ni muda. Msimamizi wa mirathi lazima apate idhini ya mahakama, na chini ya Sura ya 160 kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya idhini hiyo kuthibitishwa na mali kugawanywa. Ndugu wakipinga, miezi hugeuka miaka. Kwa upande wa kodi hakuna la kumtisha mtu, maana Kenya iliifuta kodi ya mirathi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ingawa ada za mahakama na za wakili zipo.

Wakfu

Hapa ndipo watu wa Mombasa tunapojidai kuwa tunajua, na ndipo tunapokosea zaidi. Wakfu ni kuifunga mali isiuzwe, isirithiwe wala isipeanwe, na kuyaachilia mapato yake yaende kwenye kheri. Mfano wa mwanzo ni ardhi ya Umar bin al-Khattab huko Khaybar. Nchini Kenya wakfu zinasimamiwa chini ya Sheria ya Wakfu ya 2022, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya makamishna wa wakfu, na Mombasa ndipo kazi hiyo ilipojikita tangu enzi za ukoloni. Kusomesha wanafunzi masikini ni kheri isiyo na shaka, hivyo hakuna kizuizi kwa pango la nyumba ya wakfu kulipa karo katika chuo kikuu cha umma.

Tofauti kubwa kati ya wakfu na wasia iko katika wakati na katika kurudi nyuma. Wakfu ikishawekwa na mtu aliye mzima wa afya, inaanza siku hiyohiyo, haina mpaka wa thuluthi, na kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi wa pwani, haina kurejea. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo, mtu pia hawezi kuweka wakfu kwa nafsi yake, yaani kuitangaza nyumba kuwa wakfu huku akiendelea kula pango lake mpaka afe. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakiamini kwamba hilo linawezekana. Anayetaka wakfu ianze baada ya kifo chake anaweza kuandika hivyo, lakini atakuwa ameirudisha ndani ya thuluthi, kwa kuwa kheri iliyofungamanishwa na kifo huchukua hukumu ya wasia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ya vyumba vinne Kisauni, kila chumba kikikodishwa kwa shilingi 4,000 kwa mwezi, inaleta 192,000 kwa mwaka ikiwa vyumba vyote vina wapangaji. Toa miezi ambayo chumba kitakaa kitupu, toa mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari, toa shimo la choo na kodi ya ardhi kama ipo, toa na haki ya mutawali anayesimamia. Haitakuwa ajabu ikibaki 120,000. Fedha hizo zinaweza kumsukuma mwanafunzi mmoja au wawili mwaka baada ya mwaka bila kikomo, ilhali nyumba hiyohiyo ikiuzwa kwa wasia, chuo kitapata fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, na zikiingizwa kwenye matumizi ya kawaida zitakwisha kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuhitimu.

Kwa hiyo wakfu inashinda, kwa sharti moja: mutawali. Nyumba ya wakfu isiyo na mtu wa kuifuatilia huchakaa, wapangaji wake wakalipa pango la miaka 15 iliyopita, na mwishowe hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini. Anayechagua njia hii amteue mutawali kwa jina, aeleze atakayemfuata, aandike kwamba hesabu zitaonyeshwa chuo na familia kila mwaka, na aisajili. Na nyumba iwe na ardhi yake. Wanavyuoni wa Shafii wameruhusu kuweka wakfu jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi, lakini siku mwenye ardhi atakapoitaka ardhi yake, kheri iliyokusudiwa kuwa ya kudumu itakuwa imekwisha.

Asiye Mwislamu anayetaka jambo la aina hii anaweza kuunda amana ya hisani yenye wadhamini waliosajiliwa. Utaratibu wake unafanana na wakfu kwa sura, ingawa masharti yake yanatoka kwenye hati aliyoiandika mwenyewe na si kwenye fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu.

Jina kwenye fomu

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na kwa mhitimu asiye na nyumba huenda ikawa ndiyo pekee. Katika chama cha akiba na mikopo kila mwanachama huandika nani alipwe hisa zake akifariki. Bima ya maisha nayo ina mnufaika aliyetajwa. Katika mifuko ya pensheni, sheria inasema mafao ya kifo yalipwe yule aliyetajwa, wala hayahesabiwi kuwa sehemu ya mirathi inayosubiri mahakama. Lakini wadhamini wa pensheni huwatazama kwanza wategemezi, na mimi simshauri mtu mwenye watoto wanaosoma akipe chuo pensheni. Bima ndogo iliyokatwa kwa kusudi hili ni bora zaidi. Mwislamu amuulize pia sheikh wake, kwa sababu jina kwenye fomu haliiondoi mali katika hesabu ya warithi mbele ya Mungu, hata kama karani ataliidhinisha.

Kutoa ukiwa hai

Mhitimu anaweza pia kutoa kidogokidogo sasa na kuufungua mfuko wa kudumu, ambao msingi wake hauguswi na faida yake tu ndiyo inayotumika. Shilingi 1,000,000 zikiwekwa mahali zinapozaa asilimia 10 kwa mwaka zinaleta 100,000. Si kila mtu ana milioni, ila wahitimu 40 wa darasa moja wakitoa 25,000 kila mmoja wanayo. Njia hii ina sifa ambayo zile nyingine zinaikosa: mtoaji anaona. Anaona kama stakabadhi imekuja na kama mwanafunzi aliyechaguliwa kweli ni mhitaji, na kama chuo hakikutimiza ahadi anaweza kusimama na kuuliza, jambo ambalo marehemu hawezi.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inalipatia baraza la chuo mamlaka ya kupokea zawadi kwa niaba ya chuo, hivyo barua iandikwe kwa chuo chenyewe. Isiandikwe kwa mkuu wa idara unayemjua, kwa kuwa idara huhamishwa na wakuu hustaafu. Uliza fedha zitakaa akaunti gani, nani atazikagua, na kama zitachanganywa na fedha za matumizi ya kila siku. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, weka nia yako katika wasia ambao unaweza kuubadilisha, usiifunge katika wakfu.

Nani achague nini

Mwenye umri chini ya miaka 45, mwenye watoto na mkopo wa elimu ambao bado anaulipa, aandike wasia mfupi, akitengee chuo asilimia ndogo, na kando yake atoe kidogo akiwa hai. Asikimbilie wakfu. Mwenye nyumba zaidi ya moja zenye hatimiliki, ambaye watoto wake wamejitegemea na mkewe ana mahali pake, ndiye hasa wa kufikiria wakfu ya nyumba moja angali mzima, baada ya kuwaita nyumbani na kuwaambia. Asiye na mtoto wala mtegemezi, kama si Mwislamu, anaweza kukiachia chuo karibu kila kitu kwa wasia. Kama ni Mwislamu, akumbuke kwamba ndugu zake wana mafungu, na anayetaka kutoa zaidi ya thuluthi hana budi kutoa akiwa na afya yake. Na Mwalimu wetu, mwenye vyumba vilivyojengwa juu ya ardhi ya mtu, watoto sita na mke, wakfu isingelimfaa kamwe, ingawa siku ile niliamini ndiyo ingemfaa. Alihitaji wasia wa ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri.

Ulioandikwa vizuri maana yake ni jina la chuo lililokamilika. Taasisi ile ya Tudor iliitwa MIOME, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 ikapata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili kwa jina ililo nalo sasa. Aliyeandika wasia mwaka 1999 alitaja jina ambalo halipo tena kwenye lango. Maana yake pia ni kusudi lisilobana mno. Zawadi ya kufundisha upigaji taipu ilikuwa na maana miaka ya 1970, na leo ingekaa bila mwanafunzi. Na ni asilimia badala ya kiasi, kwa sababu shilingi 50,000 za mwaka wa kuandika si shilingi 50,000 za mwaka wa kufa. Mfano wa kifungu ninachowapa wanaoniuliza ni huu:

"Ninakiachia Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au taasisi yoyote itakayokirithi kisheria, asilimia 10 ya mali yangu itakayobaki baada ya kulipwa gharama za mazishi na madeni yangu yote, zitumike kuwasomesha wanafunzi wenye uhitaji, na iwapo matumizi hayo hayatawezekana, baraza la chuo lichague matumizi yaliyo karibu zaidi na hayo."

Wakili aupitie, na kwa Mwislamu sheikh naye aupitie. Nakala moja ikae kwa msimamizi wa mirathi, nyingine kwa wakili, na barua ya taarifa ipelekwe chuoni, kisha mwenyewe aketi na mwenzake na wanawe awasomee kwa sauti, ili neno lenye utata liulizwe yeye akiwapo kulijibu.

Mjane wa Mwalimu alifanya hivyo mwaka uliofuata, kwa ajili ya fungu lake na vitu vyake vichache vya dhahabu. Jina la chuo aliniomba nimwandikie kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, akalinakili mwenyewe. Mashahidi aliwaita watatu, na kabla ya kuwapa kalamu alimuuliza kila mmoja umri wake, akahakikisha wote ni wadogo kwake.